Malalamiko Kuhusu Nyoka Aliyetajwa kwa Lugha Isiyoruhusiwa

Nje ya lango,
Shule ya Sekondari Jabalipacha,
Masasi.
10 Novemba

Mzee Sadallah,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule.

YAH: KULEGEA KWA SHERIA YA LUGHA SHULENI, NA OMBI LA KUIKAZA

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Najua salamu hii hairuhusiwi ndani ya uzio wa shule yetu, ndiyo maana nimetoka langoni na kukaa juu ya jiwe, hatua kumi na mbili kutoka kwenye bango linalotangaza kwa Kiingereza kwamba hapa husemwa Kiingereza tu. Upande huu wa bango mbuzi wanalia watakavyo, na mimi naruhusiwa kuandika kwa lugha ambayo wewe na mimi, na hata mwenye mbuzi, tunaielewa bila kamusi. Nikimaliza nitajifuta midomo na kurudi ndani.

Mimi, kama unavyojua, ni mwalimu wa Kiingereza. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Nilianzia Newala, nikiwafundisha watoto waliokuwa wamekwishatembea saa mbili na ndoo kichwani kutafuta maji kabla ya kipindi cha kwanza, kisha nikashuka huku Masasi. Katika miaka yote hiyo, naomba iandikwe kwenye kumbukumbu za Bodi, kinywa changu hakijawahi kudondosha neno la nyumbani ndani ya uzio wa shule yoyote. Ndiyo maana nilikabidhiwa kibao.

Kibao unakijua, Bodi yako ndiyo iliyokipitisha. Kwa faida ya wajumbe wapya nitakieleza. Ni kipande cha mpingo, upana wa kiganja, chenye kamba ya katani, na kimechongwa maneno ya Kiingereza yenye maana ya "Mimi ni punda, leo nimesema lugha ya nyumbani." Mwanafunzi akikutwa anasema Kiswahili, Kimakua, Kiyao au Kimakonde, anavikwa. Anakaa nacho shingoni mpaka amkamate mwenzake mwenye kosa kama lake, amvike yeye. Atakayekutwa nacho saa ya kushusha bendera anakwenda kung'oa visiki. Atakayevikwa mara tatu katika muhula mmoja anasimamishwa masomo mpaka Bodi ikae. Ni utaratibu mzuri sana. Unamfundisha mtoto mambo mawili kwa mpigo: Kiingereza, na kuwapeleleza rafiki zake. Hilo la pili wanafaulu wote.

Aliyekichonga ni mlinzi wetu, Dastani, Mmakonde wa Newala, ambaye mikono yake haiwezi kutengeneza kitu kibaya hata ikiamriwa. Alipewa maneno kwenye karatasi, akayachonga herufi kwa herufi bila kujua yanasema nini, akazungushia pambo la majani ya mkorosho kwa mapenzi yake mwenyewe. Alipokileta akaniuliza, "Mwalimu, hii zawadi atapewa mshindi wa nini?" Nikamtafsiria. Akakigeuza mkononi, akasema, "Basi nivike mimi kwanza, maana tangu asubuhi nasema." Nilimweleza kwamba walinzi hawahusiki.

Sasa niingie kwenye tukio lenyewe.

Jumanne iliyopita, kipindi cha tatu, nilikuwa Kidato cha Nne nikifundisha uandishi wa barua ya malalamiko. Kitabu chetu kinamtaka mwanafunzi amwandikie meneja wa hoteli kumlalamikia kwamba supu imeletwa ya baridi. Katika watoto wangu arobaini na watatu hakuna aliyewahi kulala hotelini, na wengi wao wangefurahi kuiona hiyo supu, iwe na joto lolote. Hata hivyo walikuwa wanalalamika vizuri. Pembeni ya ubao, kama ulivyoona ulipotutembelea, tumepanga magunia ya korosho za shamba la shule kwa sababu paa la stoo linavuja. Penye korosho pana panya, na penye panya, Mheshimiwa, siku moja huja mla panya. Alikuja swila, mrefu kuliko mpini wa jembe. Alitoka kati ya magunia, akatambaa hadi hatua moja kutoka kiatu cha mwalimu, akasimamisha kichwa na kuitanua shingo.

Sauti ikasikika. Ilimtaja nyoka kwa Kiyao, "Lijoka! Lijoka!", kisha ikamwita mama mzazi mara mbili. Mwalimu Gasper, mkuu wa nidhamu, alikuwa anapita dirishani katika kazi yake ya kusikiliza, naye ameandika kwenye taarifa yake kwamba ilikuwa sauti nyembamba, ya kike, ya mtu aliyekata tamaa. Akaingia. Hakuuliza nyoka yuko wapi. Aliuliza, kwa Kiingereza, ni nani aliyesema lugha ya nyumbani. Darasa zima likanyamaza. Hata nyoka alinyamaza. Ndipo Zabibu, msichana wa Lupaso anayekaa dawati la pili, akasimama na kusema, "Ni mimi, mwalimu." Akavikwa kibao palepale, nyoka akiwa bado ndani. Dastani ndiye aliyekuja na rungu lake akammaliza kwa pigo moja, bila kusema lugha yoyote, na naomba hilo lichukuliwe kuwa mfano wa kuigwa na jamii nzima ya shule.

Kwa Zabibu ilikuwa mara ya tatu. Amesimamishwa. Bodi yako inakaa Alhamisi, mtihani wa taifa unaanza Jumatatu, na kamati ya nidhamu inapendekeza afukuzwe kabisa, asiufanye. Sasa hivi yuko Lupaso anaokota korosho za bibi yake. Ni mwanafunzi bora wa Kiingereza niliyepata kumfundisha katika miaka ishirini na mbili, lakini hilo halihusiani hata kidogo na malalamiko yangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kwanza, nalalamika kwamba Zabibu aliachwa muda mrefu mno. Dalili zilikuwepo tangu Agosti. Kosa lake la kwanza alilifanya kwenye foleni ya uji. Mama Faidha, mpishi wetu, ana umri wa kumzaa mama yake Zabibu, na amekuwa akiinama kwenye moshi wa sufuria za shule tangu kabla hatujapata umeme. Binti alipofika mbele yake akapiga goti kidogo, akasema, "Shikamoo, Mama Faidha." Mama Faidha akaitika, "Marahaba mwanangu, umeamkaje?" Mwalimu Gasper alikuwa nyuma ya tangi la maji. Zabibu alijitetea kwamba Kiingereza hakina shikamoo. Utetezi gani huo? Kama hakina, maana yake wenyewe hawakuihitaji, na sisi ni nani tuwe na heshima kuwazidi wenye lugha? Alitakiwa amwarifu mama wa watu kwamba asubuhi ni njema, anyooshe bakuli, apite. Mama Faidha naye hajaadhibiwa hadi leo kwa kosa la kuitikia, na nina ushahidi kwamba bado anaitikia.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Alikutwa nyuma ya maktaba na mtoto wa Kidato cha Kwanza anayeitwa Kulwa, akimweleza kwa Kiswahili jinsi mmea unavyojipikia chakula kwa mwanga wa jua. Kulwa alikuwa amekaa na somo hilo wiki tatu kwa Kiingereza, na alikuwa amelikariri lote bila kulielewa, kama inavyotakiwa. Zabibu akachuma jani la mkorosho, akamwambia, "Hili ndilo jiko. Jua ndiyo kuni. Sasa niambie maji yanapitia wapi." Mwalimu Gasper anashuhudia kwamba mtoto alipiga makofi na kusema, "Kumbe!" Walikutwa wameelewa, Mheshimiwa. Hawakuweza hata kukana. Ushahidi ulikuwa usoni mwa mtoto. Kulwa alisamehewa kwa sababu ya umri, akaonywa asielewe tena bila kibali.

2. Pili, nalalamika kwamba shule haijawahi kuandika utaratibu wa kumtaja nyoka. Tunawaadhibu watoto kwa kupotea njia ambayo hatukuwaonyesha. Napendekeza utaratibu ufuatao. Mwanafunzi atakayemwona nyoka anyooshe mkono wa kulia. Asubiri kuonwa. Akiruhusiwa, asimame, arudishe kiti nyuma bila kelele, aombe radhi kwa kukatiza somo, kisha atoe taarifa kwa sentensi kamili, akiwa mwangalifu na wakati wa kitenzi, maana si sawa kusema nyoka amefika kama bado yuko njiani. Nyoka ambaye jina lake la Kiingereza halijulikani aelezwe kwa rangi na urefu. Nimeujaribu utaratibu huu nyumbani, saa ikiwa mkononi na mke wangu akiwa nyoka. Unachukua sekunde thelathini na moja. Mke wangu anasema angekuwa swila kweli angekwishaniuma, akanywa maji, akarudi kuniuma tena. Lakini yeye hakusomea ualimu. Mwalimu anayeipenda kazi yake atasimama atulie mpaka sentensi ifike kwenye nukta.

3. Tatu, nalalamika juu ya Bibi Mwanakombo, bibi yake Zabibu, ambaye ndiye mlezi wake. Aliitwa Ijumaa mbele ya kamati ya nidhamu. Alifika kwa bodaboda kutoka Lupaso na kanga zake mbili, kikapu cha muhogo kwa ajili ya walimu, na maswali. Kikao kilifunguliwa kwa Kiingereza, kama sheria inavyotaka. Mkuu wa Shule alizungumza dakika kumi, bibi akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, dakika zote kumi, na katibu akaandika kwamba mlezi ameelewa mashtaka. Tungeishia hapo kingekuwa kikao cha mfano. Bahati mbaya bibi akaomba kuuliza.

"Wanangu, mjukuu wangu kaiba?"

Akaambiwa hapana.

"Kapigana?"

Hapana.

"Ana mimba?"

Hapana, bibi, si hivyo.

"Sasa kafanya nini?"

"Kasema," alijibu Mwalimu Gasper.

"Kasema nini?"

"Kasema kuna nyoka, kwa Kiyao."

"Na nyoka alikuwepo?"

"Alikuwepo."

Bibi alitutazama mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu na kumtafuta mkubwa wa nyumba asimwone. "Angekuwa hayupo," akasema, "hapo ningemchapa mimi mwenyewe, kwa uongo."

Haikutosha. Akauliza swali ambalo halikuwemo kwenye ajenda. Kwao wanasema Kimakua, nyoka wanamwita enowa. "Mnasema kapiga kelele kwa Kiyao. Huyu? Kiyao kakipata wapi?" Mwalimu Gasper akamfahamisha kwamba lugha za nyumbani, ziwe mia, zote ni kosa moja. Nilikuwepo kama shahidi. Niliulizwa kama niliisikia sauti ile. Nilijibu kwamba niliisikia vizuri kuliko mtu yeyote. Nikashukuriwa, nikakaa.

Hoja yangu, Mheshimiwa, si maswali ya bibi. Hoja yangu ni kwamba alijibiwa kwa Kiswahili, ndani ya uzio, na kamati ya nidhamu yenyewe. Nilihesabu. Kuanzia ile "hapana" ya kwanza hadi bibi alipoagwa na kuombewa safari njema, yalifanyika makosa ishirini na sita. Kibao kilikuwa kimoja tu, mezani, kikitutazama. Wakosaji walikuwa sita. Tutainuaje kiwango cha elimu kwa uhaba wa vifaa namna hii? Dastani anasema mpingo upo.

4. Nne, kwa kifupi. Jumapili kulikuwa na mpira, televisheni ya chumba cha walimu ikawashwa. Sitataja majina ya wenzangu. Nasema tu kwamba goli lilishangiliwa kwa Kiswahili, na refa alitukanwa kwa Kimakonde.

5. Tano, na hili ndilo linaloniumiza zaidi: sheria yetu inaishia langoni. Mtoto anasafishwa kinywa mchana kutwa, jioni anarudi nyumbani anakuta watu wazima wanaongea hovyo. Naomba Bodi iiandikie Halmashauri kibao kitoke nje. Kianzie kwenye mnada wa korosho. Mkulima akitaka kulalamika kwamba korosho zake zimeshushwa daraja bila hata kuguswa, alalamike kwa Kiingereza. Kwa njia hiyo malalamiko ya wakulima yatakwisha msimu huuhuu. Kiende stendi, wapiga debe wavikwe. Kiende hospitalini, mgonjwa aeleze tumbo linavyomkata akitofautisha maumivu yaliyopita na yanayoendelea. Kiingie wodi ya wazazi. Mkunga asimpokee mtoto ambaye mama yake amelia kwa Kimakua, na mtoto mwenyewe achunguzwe kilio chake cha kwanza kina lafudhi gani. Kifike hata msibani. Wanaomlilia marehemu wajipange wawili wawili, na marehemu aliyekufa akijua lugha moja tu asubiri kuzikwa mpaka apate mtafsiri, maana huko aendako hatujui wataanza kumuuliza kwa lugha gani.

Wapo watakaosema kwamba mtu akishtuka huita kwa lugha aliyoinyonya. Huu ni uvivu wa mawazo. Mtu aliyesoma hushtuka kwa Kiingereza. Kwanza huchagua kitenzi, ndipo hushtuka. Mwalimu mtu mzima na akili zake, akiona kifo mbele ya kiatu chake, halafu arudi utotoni na kumwita mama yake kwa lugha ya jikoni, mwalimu huyo hana haki ya kushika chaki. Mwenye ubishi na aje.

Sasa kuna watakaonong'ona kwamba mwalimu wa Kiingereza anayeandika hivi amechoka na kazi yake. Sijachoka. Kiingereza nakipenda. Nilikianza kwa kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari dukani kwa mjomba wangu, nikawa nalia mteja akiondoka na sukari iliyofungiwa upande wenye mwisho wa habari. Tangu hapo nimesoma kila kilichopita mkononi mwangu; mke wangu analala kama aliyebandikwa ukutani kwa sababu upande wangu wa kitanda umejaa vitabu. Naijua furaha ya mtoto anapotunga sentensi yake ya kwanza ya kigeni ikasimama yenyewe kama ndama. Nimeiona mara nyingi, na sijawahi kuiona kwa mtoto mwenye kibao shingoni. Mwenye kibao hatungi sentensi. Ananyamaza, kwa sababu kimya hakina lugha na hakuna anayekamatwa kwa kunyamaza. Mkuu wa Shule anaita hiyo nidhamu. Anapita madarasani, anakuta utulivu, anafurahi. Mimi ndiye ninayesahihisha madaftari, Mzee wangu. Najua ule si utulivu.

Kiingereza kilikuja kwetu mgeni. Mgeni hupewa mkeka na maji ya kunawa. Ninyi mmempa kirungu mkamsimamisha langoni awapige wenye nyumba, halafu kila mwaka matokeo yakitoka mnashangaa kwa nini watoto hawampendi, na mnaniita mimi nijieleze. Lakini hayo ni maoni yangu binafsi na naomba yapuuzwe. Nilikuwa nalalamika juu ya nyoka.

Kwa hiyo naiomba Bodi yako Alhamisi itende haki iliyokamilika. Kama sheria ni sheria, basi Dastani apewe gogo zima na likizo ya mwezi mmoja. Avichonge vya kamati ya nidhamu, sita. Cha Mama Faidha kiwe kikubwa, kwa sababu ya miaka mingi ya marahaba. Cha Mkuu wa Shule kiwe na pambo. Na cha kwako, Mheshimiwa, kisisahauliwe: ulipotufungulia maabara mwezi wa sita ulisoma aya moja ya Kiingereza uliyoandikiwa, ukaikunja karatasi, ukasema, "Haya, sasa jamani tuongee." Ulipigiwa makofi ya siku hiyo yote. Niliandika jina lako kwenye daftari langu, maana ndiyo kazi niliyopewa, na nimekuwa nikisubiri vibao viongezeke.

Ama, kama mpingo hautatosha, basi Zabibu arudi darasani Ijumaa asubuhi, akae dawati lake la pili, na Jumatatu afanye mtihani wake kama wenzake. Nakubali kwamba njia hii ya pili ni ya mkato na haina heshima ya kisheria kama ile ya kwanza. Lakini ina faida ya kutohitaji mti.

Nisalimie Mama nyumbani na wajukuu, hasa yule mdogo niliyesikia ameanza kusema. Sitauliza ameanza kwa lugha gani. Wasalimie wajumbe wote wa Bodi, waliosoma barua hii na watakaosimuliwa. Msalimie mwenye mbuzi, nadhani ni jirani yako, umwambie mmoja amekula kona ya ukurasa wa pili.

Ni mimi mtii wako na mlinzi wa kibao,

Salmini Hamudi
Mwalimu wa Kiingereza

Nakala:
Mkuu wa Shule.
Mwalimu Gasper, mkuu wa nidhamu.
Bibi Mwanakombo, Lupaso (asomewe na mjukuu wake).

Baada ya sahihi:

Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nimeifungua tena. Mzee wangu, mahali fulani hapo juu nimeandika kwamba "sauti ikasikika", kana kwamba sauti huota yenyewe kama uyoga baada ya mvua. Haikuota. Katika darasa lile hakuna mtoto hata mmoja aliyekulia kwenye Kiyao. Myao ni mimi. Nilipomwona yule swila nilikuwa juu ya meza kabla sijajua kwamba nimeruka, chaki mkononi, nikapiga kelele zile zote, na mama niliyemwita amelala kaburini mwaka wa tisa huu. Taarifa ya Mwalimu Gasper irekebishwe: sauti nyembamba, ya kike, ya mtu aliyekata tamaa, ni yangu. Watoto arobaini na watatu waliniona nikifumbua mdomo. Hakuna aliyenitaja. Gasper alipouliza, nilikuwa nashuka mezani nikitafuta kiatu, na kabla sijakipata Zabibu alikuwa amekwisha kusimama. Ningeweza kusema hapohapo. Ningeweza kusema Ijumaa, bibi yake aliposhangaa habari ya Kiyao na kunitazama. Nilijibu swali nililoulizwa, nikakaa.

Jana nilikwenda Lupaso. Niliwakuta yeye na bibi yake uani wakitenganisha korosho na mabibo. Nikamuuliza kwa nini alisimama. Nilimuuliza kwa Kiswahili. Yeye akanijibu kwa Kiingereza, kwa kuwa mimi ni mwalimu wake wa Kiingereza, taratibu, kila kitenzi kikiwa mahali pake: kwamba mtihani ulikuwa umekaribia, na mwalimu akishavikwa kile kitu mbele ya darasa hataweza kufundisha tena, na wenzake walikuwa bado hawajaielewa barua ya malalamiko. Bibi akauliza, "Kasema nini?" Nikaanza kumtafsiria. Sikuweza kufika mwisho.

Kwa hiyo malalamiko yote matano nayafuta. Niliketi hapa leo niandike sentensi moja tu, na imenichukua kurasa zote hizi kuifikia: kosa ni langu, la binti halikuwepo. Alhamisi niiteni mimi. Msihangaike kukitafuta kibao ofisini. Kiko shingoni mwangu tangu nilipokaa juu ya jiwe hili, na watoto wanaotoka langoni wanakisoma, kisha wananiamkia shikamoo. Nawaitikia marahaba, mmoja mmoja.